Unaishi Wapi, Unachota Maji Wapi: Bangladesh na Ramani ya Magonjwa Yake

Mwaka 1983, daktari bingwa wa magonjwa ya ngozi mjini Kolkata, India, K. C. Saha, alianza kuwaona wagonjwa waliofanana kwa namna ya kushangaza. Walikuwa na madoa meusi yaliyotapakaa kifuani na mgongoni, na viganja vya mikono pamoja na nyayo zao vilikuwa vimekakamaa na kuota vinundu vigumu mfano wa sugu. Wengi walikuwa watu wa vijijini. Ugonjwa wa namna hii hudhaniwa kirahisi kuwa ukoma, na mwenye nao huanza kuepukwa na majirani. Haukuwa ukoma. Ilikuwa sumu ya aseniki, nayo ilitoka katika maji ya visima waliyokuwa wakinywa kila siku. Katika miaka iliyofuata walifika pia wagonjwa kutoka ng'ambo ya mpaka, yaani Bangladesh, na ikaanza kufahamika kwamba tatizo halikuwa la kijiji kimoja wala la nchi moja.

Fumbo hilo lilifumbuliwa kwa swali ambalo katika vyumba vingi vya daktari huulizwa na karani ili kujaza jalada tu: unaishi wapi? Likafuatiwa na la pili: unachota maji wapi? Katika Bangladesh, pengine kuliko katika nchi nyingine yoyote kubwa, maswali haya mawili ni sehemu ya uchunguzi wa mgonjwa kama ilivyo kupima joto la mwili. Sababu yake imo katika jinsi watu walivyokaa juu ya ardhi ya nchi hiyo.

Udongo uliowakusanya watu

Bangladesh ina eneo la takriban kilomita za mraba 148,000. Tanzania ni kubwa kuishinda zaidi ya mara sita. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, wakati sensa ya Bangladesh ya mwaka huohuo, baada ya kusahihishwa, ilikaribia watu milioni 170. Hiyo ni zaidi ya watu 1,100 katika kila kilomita ya mraba, wastani wa nchi nzima, mashamba na mito ikiwemo. Ukiacha madola madogo ya visiwa na miji, hakuna nchi iliyosongamana kiasi hicho.

Msomaji anaweza kudhani kwamba wingi huo ni wa mijini. Sivyo. Katika sensa hiyo, karibu watu saba katika kila kumi walihesabiwa vijijini. Msongamano wa Bangladesh ni wa mashambani, na aliyeuleta ni mto. Mito mitatu mikubwa, Ganges ambayo huko huitwa Padma, Brahmaputra ambayo huitwa Jamuna, na Meghna, hukutana na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Bengal. Kwa maelfu ya miaka imeleta tope lenye rutuba kutoka milima ya Himalaya, ikalitandaza, na nchi yenyewe imeumbwa kwa tope hilo. Sehemu kubwa ya ardhi haifiki mita 10 juu ya usawa wa bahari. Palipo na maji ya kutosha, shamba moja huweza kuvunwa mara mbili, na pengine mara tatu, kwa mwaka. Mpunga hulisha watu wengi juu ya kipande kidogo cha ardhi, lakini nao hutaka mikono mingi ya kupandikiza na kuvuna. Basi ardhi ikawaita watu, na watu wakaiwezesha ardhi kuzaa zaidi.

Katika nchi ambayo hufurika kila mwaka, mtu hajengi popote. Familia huchimba udongo, huurundika na kuushindilia mpaka pakapatikana kilima kidogo, kisha hujenga nyumba juu yake. Shimo lililobaki hujaa maji na kuwa bwawa. Humo hufugwa samaki, huogwa, huoshwa vyombo na hufuliwa nguo. Nyumba kadhaa za ndugu huzunguka ua mmoja, na kundi hilo huitwa bari. Katika msimu wa mafuriko vilima hivyo huonekana kama visiwa vidogo, kila kimoja na minazi na migomba yake. Bwawa la bari lina faida nyingi, na linaua, tutalirejea.

Watu hawakuenea sawasawa. Mkoa wa Dhaka una zaidi ya watu 2,000 kwa kilomita ya mraba. Upande wa kusini-mashariki, katika wilaya za milimani za Rangamati, Bandarban na Khagrachhari, wiani hushuka sana, na katika baadhi yake ni kama watu mia moja tu kwa kilomita. Hapa pana jambo la kumfikirisha mhudumu wa afya. Malaria ya Bangladesh, kwa sehemu kubwa mno, imo katika wilaya hizo za milima na misitu, kule kwenye watu wachache. Wilaya zilizojaa watu hadi pomoni hazina malaria, au zinayo kidogo sana. Anayedhani kwamba magonjwa huongezeka tu kadiri watu wanavyobanana, aanze kwa kuieleza ramani hiyo.

Kipindupindu na konzi ya sukari guru

Kipindupindu ni mwenyeji wa delta ya Bengal. Mlipuko wa kwanza uliosambaa duniani ulianzia huko mwaka 1817. Vimelea vyake vinaishi vyema katika maji yaliyochanganyika chumvi kidogo, vikijishikiza kwenye viumbe wadogo mno wa majini wasioonekana vizuri kwa macho. Katika mji wa Dhaka ugonjwa huu huwa na vilele viwili kwa mwaka: kimoja kabla ya mvua kubwa, wakati wa joto kali, na kingine mvua zinapomalizika.

Mwaka 1960 ilianzishwa Dhaka maabara ya utafiti wa kipindupindu, ambayo baadaye ilikuwa kituo cha kimataifa kinachojulikana kwa kifupi cha icddr,b. Mwaka 1963 ilifungua kituo cha vijijini huko Matlab, kusini-mashariki ya Dhaka, eneo ambalo wakati huo lilifikika zaidi kwa boti. Tatizo la madaktari wa wakati ule lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitatua. Mgonjwa wa kipindupindu huweza kupoteza lita kadhaa za maji kwa saa chache. Tiba ilikuwa dripu. Lakini dripu huhitaji chupa, mpira, sindano safi, na mtu anayejua kuipata mishipa iliyolegea na kuzama. Nani angeipeleka dripu katika kila bari, msimu wa mafuriko, usiku?

Jibu lilikuwa ndani ya utumbo wenyewe. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji na chumvi, lakini haiharibu njia nyingine muhimu: ile ambayo kwayo glukosi na sodiamu hupita pamoja kuingia mwilini, zikivuta maji nyuma yake. Chumvi peke yake haipiti vya kutosha. Sukari ikiwepo kwa kipimo sahihi, mlango hufunguka. Mwaka 1968, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dhaka, wakiwemo David Nalin na Richard Cash, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliokunywa maji yenye glukosi na chumvi walihitaji dripu kidogo sana kuliko wengine.

Mtihani mkubwa ulikuja kwa huzuni. Wakati wa vita vya ukombozi vya mwaka 1971 wakimbizi wapatao milioni 10 walivuka kuingia India, na kipindupindu kikaingia kambini pamoja nao. Huko Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akaamua kuchanganya sukari na chumvi katika maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka hadi chini ya asilimia 4 miongoni mwa waliotibiwa kwa njia hiyo. Inafaa kukumbuka kwamba waliotoa dawa hiyo kwa sehemu kubwa hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, kaka na wake wa wagonjwa.

Baada ya vita, hapo ndipo wingi wa watu ulipogeuka kuwa msaada. Shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, lilianza mwaka 1980 kuwatuma wanawake vijijini wakafundishe nyumba kwa nyumba. Vipimo vilikuwa vya mkono: chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na nusu seer ya maji, kipimo cha kienyeji. Mwalimu mmoja aliweza kuwafundisha kina mama kama kumi kwa siku akitembea kwa miguu tu, kwa sababu bari hadi bari ni hatua chache. Malipo yake yalitegemea mambo ambayo mama huyo angeyakumbuka siku kadhaa baadaye alipotembelewa na msimamizi. Kufikia mwaka 1990, zaidi ya kaya milioni 12 zilikuwa zimefundishwa.

Kazi hiyo haikwenda bila kujikwaa. Mwanzoni kina mama walikumbuka somo vizuri lakini wengi hawakulitumia. Ilipochunguzwa, ikabainika kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa waliyokuwa wakiifundisha; wao wakiharisha walitafuta vidonge. Tena, akina baba waliachwa nje ya mazungumzo, na katika nyumba nyingi wao ndio waliokuwa wakiamua mgonjwa atibiwe vipi. Walimu wakafundishwa upya mpaka wakaamini, na wanaume wakaitwa kwenye mikutano sokoni na misikitini. Kila mhudumu wa afya ya jamii anayesoma haya anaweza kujiuliza kama yeye mwenyewe, mwanawe akiharisha, huanza na maji ya chumvi na sukari au hukimbilia antibiotiki.

Kwa mgonjwa na familia, somo la Bangladesh halijazeeka. Mtu anayeharisha aanze kunywa maji ya ORS mara moja, kwa vikombe vidogo vidogo, hata akitapika. Asubiriwe dakika kama kumi kisha aendelee. Mtoto aendelee kunyonya na kula, na apewe pia vidonge vya zinki. Pakiti ya ORS ikikosekana, lita 1 ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi, kwani ikizidi hudhuru, hasa kwa mtoto. Mgonjwa aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye macho yamezama au hakojoi, au anayeharisha maji meupe mfululizo, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, akinyweshwa njiani.

Kuna jambo jingine dogo kutoka Matlab linalofaa kutajwa. Watafiti, wakiwemo Rita Colwell na Anwar Huq, waliwafundisha wanawake kuchuja maji ya bwawa na mto kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara nne au zaidi. Nyuzi za kitambaa kilichofuliwa sana hufura, matundu huwa madogo, na wale viumbe wanaobeba vimelea hunaswa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu katika vijiji vilivyochuja hivyo. Kuchuja kwa kitambaa si badala ya kuchemsha wala ya dawa ya klorini, kwa kuwa bakteria walioachana na viumbe hao hupita. Ila pale pasipo na kuni wala klorini, nusu si haba.

Kuhesabu ni tiba

Haya yote yasingejulikana bila daftari. Tangu mwaka 1966, katika vijiji vya Matlab, kila kuzaliwa, kila kifo na kila kuhama kumeandikwa na wahudumu wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Watu wapatao laki mbili wamefuatiliwa kwa zaidi ya nusu karne. Ni sensa isiyokoma.

Daftari hilo ndilo lililowezesha jaribio la uzazi wa mpango lililoanza mwaka 1977. Eneo liligawanywa sehemu mbili. Katika sehemu moja, wanawake wa vijiji hivyohivyo, waliosoma na walioolewa, waliwatembelea wenzao nyumbani kila baada ya wiki mbili, wakiwapa chaguo la njia kadhaa, wakisikiliza malalamiko ya maudhi madogo, na kuwaelekeza kliniki inapobidi. Sehemu ya pili ilibaki na huduma za kawaida za serikali. Idadi ya watoto kwa mwanamke ilishuka haraka zaidi katika sehemu ya kwanza, na tofauti hiyo ilidumu. Wanawake wengi wa vijijini wakati huo hawakuwa huru kwenda mbali na nyumbani; kliniki ya kilomita tano kwao ilikuwa sawa na ya nchi nyingine. Njia ilipoletwa uani, walichagua.

Serikali ilieneza mfano huo nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Bangladesh alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Leo ni wawili au zaidi kidogo. Haikuhitaji sheria ya kulazimisha idadi ya watoto, na nchi haikuwa tajiri ilipoanza. Kwa kulinganisha, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke nchini Tanzania. Ni haki kuongeza kwamba umbali wa Tanzania ni tofauti. Mhudumu wa Matlab anafikia kaya kumi kabla ya saa sita mchana. Mwenzake katika wilaya ya wafugaji huenda akafikia mbili, tena kwa pikipiki. Mfano wa Bangladesh ukinakiliwa pasipo kuhesabu hatua za mhudumu, utamchosha mhudumu bure.

Kisima kilichookoa na kuua

Sasa turudi kwa wagonjwa wa Kolkata. Katika miaka ya 1970 serikali ya Bangladesh, ikisaidiwa na UNICEF, ilihimiza visima vyembamba vya bomba vyenye pampu ya mkono. Nia ilikuwa njema na hesabu ilikuwa sahihi kwa kiasi chake: maji ya mabwawa yalijaa vimelea, watoto walikufa kwa kuharisha, na maji ya chini ya ardhi hayana vimelea hivyo. Kuchimba kulikuwa rahisi kwa sababu ardhi ni tope tupu. Familia zenyewe zikaendelea kuchimba kwa fedha zao, hata visima vikafikia mamilioni.

Maji yalipimwa bakteria. Hayakupimwa aseniki. Tope lile lililoleta rutuba lilikuwa na chembe za aseniki zilizoshikamana na kutu ya chuma, na katika tabaka za juu zisizo na hewa chembe hizo huachia na kuyeyuka katika maji. Bangladesh ilithibitisha uwepo wake mwaka 1993. Mwaka 2000 taarifa iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani iliuita mkasa huo kuwa sumu iliyowapata watu wengi zaidi katika historia, ikikadiria kwamba waliokuwa hatarini walikuwa kati ya milioni 35 na 77.

Aseniki haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kunaizidisha, kwani maji hupungua na sumu hubaki. Madhara huchukua miaka. Huanza kwa madoa ya ngozi na ugumu wa viganja na nyayo, na baadaye huja saratani ya ngozi, ya kibofu cha mkojo na ya mapafu, pamoja na magonjwa ya moyo na mishipa. Dawa ya kuitoa sumu hiyo baada ya miaka ya kuinywa haijathibitika. Tiba ya kwanza ni kubadili kisima.

Na hapa jiografia inashuka hadi kwenye kipimo cha ua. Visima viwili vilivyo mbali kwa mita chache vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja salama na kingine kibaya, kutegemea kina na tabaka la tope. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilipimwa karibu visima milioni 5, na midomo ya pampu ikapakwa rangi: kijani kwa salama, nyekundu kwa hatari. Kwa kuwa watu wamekaa karibu karibu, familia nyingi zenye kisima chekundu zina kisima cha kijani umbali wa kutembea. Wengi walihamia huko. Wengine walishindwa, kwa kuwa kuingia uani kwa jirani kuchota maji kila siku ni jambo la heshima na uhusiano, na mwenye kisima anaweza kuchoka kukaribisha. Rangi nazo zilififia kwa mvua, na visima vipya vikachimbwa bila kupimwa.

Wahudumu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanalijua jambo la jamaa yake. Huko madini yanayozidi majini ni floridi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, hupindisha mifupa. Maji huonekana safi, kipimo cha bakteria hupita, na mtoto huendelea kunywa. Kisima kipya kinapokabidhiwa, swali la kuuliza si kama maji yamepimwa. Ni yamepimwa nini.

Ukingo wa bahari na ukingo wa bwawa

Watu wanaohama kwa kukosa ardhi huishia pale ambapo wengine hawakutaka kukaa. Mito huzaa visiwa vya mchanga na tope, viitwavyo char, na kuvimeza tena baada ya miaka. Maskini hulima huko, na hao ndio kimbunga huwafikia kwanza. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua laki tatu. Cha mwaka 1991 kiliua takriban 138,000, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007 kiliua watu wapatao 3,400, na Amphan cha mwaka 2020 kiliua makumi tu nchini humo. Bahari haijawa mpole. Yamejengwa majengo ya kukimbilia yaliyo juu ya nguzo, na tangu mwaka 1972 pana wafanyakazi wa kujitolea wanaopita na vipaza sauti, nyumba kwa nyumba, kabla tufani haijafika.

Kinachoendelea pasipo kelele ni chumvi. Katika pwani ya kusini-magharibi, maji ya bahari huingia katika mito na visima, hasa kiangazi, na mabwawa ya kufugia kamba yameongeza hali hiyo. Uchunguzi uliofanywa Dacope, wilayani Khulna, ulihusisha chumvi ya maji ya kunywa na shinikizo la damu kwa wajawazito na dalili za kifafa cha mimba. Mama anayeambiwa kliniki apunguze chumvi kwenye chakula, huku akinywa chumvi kwenye maji, ameshauriwa nusu.

Lile bwawa la bari nalo lina daftari lake. Magonjwa ya kuhara yalipodhibitiwa na chanjo kuenea, kuzama majini kulijitokeza kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Mtoto huzama mita chache kutoka jikoni, mara nyingi kati ya asubuhi na saa saba mchana, wakati mama anapika na kaka zake wamekwenda shule. Hakuna anayesikia, kwa kuwa mtoto anayezama hapigi kelele. Vijiji kadhaa vimeanzisha vituo vya kulelea watoto kwa saa hizo tu, chini ya mwanamke mmoja wa kijijini, na vifo vya watoto wanaohudhuria vimepungua sana. Kituo hicho hakihitaji dawa. Kinahitaji chumba, mkeka na mtu asiyeondoka.

Dhaka

Kila mwaka mito humeza mashamba, chumvi huharibu mengine, na vijana huelekea mjini. Jiji la Dhaka pamoja na viunga vyake sasa lina watu zaidi ya milioni 20. Wasichana wa vijijini hushona nguo viwandani na kupanga vyumba katika mitaa kama Korail, ambako choo kimoja hutumiwa na kaya nyingi.

Huku, mbinu ya nyumba kwa nyumba iliyoifaa Matlab huyumba. Mhudumu akibisha hodi saa nne asubuhi, mama yuko kiwandani. Akirudi baada ya mwezi, chumba kina mpangaji mwingine. Mwaka 2023 Bangladesh ilipata mlipuko mbaya kuliko yote ya homa ya dengi katika kumbukumbu zake, wagonjwa zaidi ya 321,000 na vifo zaidi ya 1,700. Dengi ilizoeleka kuwa ugonjwa wa Dhaka, lakini mwaka huo wagonjwa wengi zaidi waliandikishwa nje ya jiji hilo. Mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyosimama: ndoo, mapipa, matairi, sahani za maua, vyombo vya majengo yanayojengwa. Palipo na mgao wa maji, kila kaya hulazimika kuyahifadhi, na kila chombo kisichofunikwa ni kitalu. Dar es Salaam, yenye zaidi ya watu 3,000 kwa kilomita ya mraba na milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019, inaujua mgao huo na mapipa yake.

Mwenye homa ya ghafla, maumivu ya viungo na nyuma ya macho, ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, atumie parasetamoli, anywe maji mengi, na aepuke aspirini na ibuprofeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au akizimia, hasa siku homa inaposhuka, arudi hospitali siku hiyohiyo. Na anayempokea, kabla ya kuandika jina la dawa, aandike mtaa anaoishi sasa, si kijiji alichozaliwa, na aulize maji ya nyumbani yanahifadhiwa ndani ya nini.